Dole la Shahidi wa Pili

Kwa miaka sita hakuna mtu pale soko la Majengo aliyewahi kumuuliza Edina Ndahani kama lile gari ni lake. Wangemuuliza ya nini? Kirikuu cheupe cha mizigo, turubai la bluu lenye kiraka cha kitenge kwenye kona, na kwenye usukani mwanamke wa miaka arobaini na saba aliyejifunga kilemba na kuvaa raba za kiume. Jua likichomoza ameshafika Mpunguzi anapanga kreti za zabibu. Saa nne yuko Majengo anashusha mzigo, huku akigombana na wateja wanaobonyezabonyeza zabibu za watu.

"Unabonyeza, unanunua?" alikuwa akiwauliza. "Kama hununui kabonyeze goti lako."

Watu walicheka, na kesho yake wakabonyeza tena.

Sasa mtu kama huyo ukiambiwa gari lake limezuiliwa kituo cha polisi kwa sababu si lake, utasemaje? Utasema huo ni uongo. Hata mimi nilisema ni uongo, tena nilisema kwa sauti. Kumbe karatasi zilikuwa zinasema ni kweli, na karatasi zikishasema, jamani, kelele zetu sisi wa sokoni hazina pa kukaa.

Edina alizaliwa Handali, kwenye nyumba ya kulima uwele na karanga. Alianza biashara na ndoo moja ya zabibu kichwani, akauza, akarudi kwa mwenye shamba akachukua nyingine. Mume alikuwepo, kisha akawa hayupo, na Edina hakupenda kuulizwa habari zake, kwa hiyo na mimi nitamwacha huko alikokwenda. Kwa miaka kumi na moja alidunduliza mpaka akanunua kiwanja Ipagala, enzi zile Ipagala kulikuwa na miiba na fisi kuliko nyumba. Alikizungushia michongoma. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kukiangalia tu, akasimama katikati yake kidogo, halafu akarudi kwenye chumba chake cha kupanga.

Aliyekuwa akimbebea zabibu zake ni mzee Batholomeo wa Miyuji. Mzee huyu alikuwa dereva wa serikali miaka thelathini, na haikusikika hata siku moja kwamba amegonga kuku. Alipostaafu, mwanawe wa kwanza, Octavian, anayefanya kazi Mwanza, alimnunulia kile kirikuu na kukiandikisha kwa jina la baba yake. Zawadi kubwa. Mzee alikuwa akikifuta vumbi mara tatu kwa siku, na Dodoma kufuta vumbi mara tatu kwa siku ni kujitafutia kazi isiyoisha.

Ni yeye aliyemfundisha Edina kuendesha, kwenye uwanda ule mkavu nje ya Miyuji. "Usilikabe, mwanangu," alimwambia. "Gari halitaki kukabwa." Edina alimwita baba, na yeye alimwita mwanangu, na haikuwa adabu ya mdomoni tu. Walipendana hasa.

Macho ya mzee yakaanza kuondoka. Mtoto wa jicho upande huu, upande wa pili giza linaingia polepole. Siku moja barabara ya Mpunguzi aliwaona mbuzi wakati mbuzi wenyewe walishaliona gari zamani. Alisimamisha, akakaa na mikono yake juu ya usukani, akamwambia Edina, "Endesha wewe." Hakukamata usukani tena maisha yake yote.

Wiki iliyofuata alimwita nyumbani. Alitaka kuliuza gari akatibiwe macho. Mtoto wake angemtibia, lakini mzee aliona haya kumnyooshea mkono tena mtu aliyemnunulia gari zima. "Nikiliuza kwa dalali nitalisikia linapita na sitajua linatendewaje," alisema. "Chukua wewe."

Edina alikwenda akauza kiwanja cha Ipagala. Ndiyo, kile kile. Aling'oa mche mmoja wa michongoma akaenda kuupanda mlangoni kwa mwenye nyumba wake, na kirikuu kikawa ndicho kila kitu alichonacho duniani.

Waliandikiana uani kwa mzee, juu ya boneti. Fundi mmoja aitwaye Sila ndiye aliyeandika, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la shule. Mimi Batholomeo nimemuuzia Edina Ndahani gari langu, namba fulani, chesisi namba fulani, na fedha yote nimepokea. Mzee akatia sahihi huku ameinama mpaka pua inagusa karatasi. Edina akatia sahihi. Shahidi wa kwanza Sila mwenyewe, jina lake kamili. Shahidi wa pili alikuwa mama Debora, mke wa mzee, ambaye hajui kuandika. Hapakuwa na kidau cha wino, basi Sila alishika dole gumba la mama akalipaka kalamu, akapaka, akapaka, mpaka likawa bluu. Dole lenyewe lina kovu limekatiza katikati, la shoka, tangu zamani. Mama akabonyeza. Dole likatoka safi, na kovu lake. Sila alipotaka kuandika jina la mama pembeni, kalamu ikagoma. Wino wote ulikuwa umeishia kwenye dole.

"Nitamalizia," akasema Sila, akaenda zake. Hajamalizia mpaka leo.

Mzee akamkabidhi Edina ufunguo na kadi ya gari. Halafu akawatazama wote wawili, mkewe na Edina, kwa yale macho yenye ukungu. "Octavian asijue kwanza. Nitamwambia mwenyewe."

Wakakubali.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kugombana na Edina kidogo, na ninagombana naye kwa sababu nampenda. Maana sisi sote ndivyo tulivyo. Kadi unayo? Ninayo. Basi gari ni lako! Ndivyo tunavyoambizana, madalali, mafundi, hata wafanyakazi wa ofisini wenye vitambulisho shingoni. Mtu anatembelea gari miaka minane, na kadi ina jina la mtu aliyemuuzia mtu aliyemuuzia yeye. Kadi kukaa sandukuni kwako ni jambo moja, kadi kuwa na jina lako ni jambo jingine kabisa. Kule kwenye ofisi ya mapato, kwenye mashine zao, hawajui habari za boneti wala za daftari la shule. Wanajua jina moja tu, na jina lenyewe lilikuwa Batholomeo.

Mzee alijua. Ametumikia serikali, angekosaje kujua? "Edina, twende tukabadilishe jina," alikuwa akimwambia. Edina akajibu, "Zabibu zikiisha, baba." Zabibu za Machi zikaisha, zikaja za Agosti. Tena, nisifiche, alikuwa akifurahia kuiona kadi na jina lile. Aliona kama baba bado yuko naye garini.

Kisha mzee akapigwa na kiharusi, na hapo ndipo mambo yalipofungika. Edina alishtuka, akaenda kuchukua fomu. Aliikunja akaiweka kikapuni, chini ya kichala cha zabibu na mlenda mkavu, akaenda Miyuji. Akamkuta mzee ameegemezwa kwenye mto, mama Debora anamlisha uji na kumfuta kidevu. Mzee alimwona, akajaribu kucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa wewe niambie. Unamtoleaje mgonjwa kama yule karatasi ya kuhamisha mali? Kwetu huku, ukimpelekea mgonjwa karatasi asaini, umeshamchimbia kaburi, na kilichobaki ni yeye kuingia. Edina alitoa zabibu, akatoa mlenda, fomu akaiacha chini ya kikapu. Alirudi nayo nyumbani. Akaenda nayo mara nyingine nne, na mara zote nne akarudi nayo.

Mzee Batholomeo alikufa mwezi wa sita, wakati wa upepo.

Siku ya mazishi kirikuu kilifanya kazi kuliko siku yoyote. Kilibeba viti, kikabeba masufuria, kikabeba madumu ya maji safari sita. Octavian alishuka kutoka Mwanza usiku kucha, macho mekundu. Alipoliona gari aliliwekea mkono kwenye boneti. "Gari la baba," akasema, na machozi yakamtoka. Kwa ufahamu wake, Edina alikuwa dereva aliyeajiriwa na baba yake, maana mzee kila alipoulizwa alijibu tu, "Edina ndiye anayeliendesha." Edina alisikia lile neno, gari la baba, na lilimchoma. Lakini nani anamsahihisha mfiwa kabla hata jeneza halijatoka ndani? Akanyamaza.

Makaburini, baada ya mashada, Octavian alisimama kwa niaba ya familia akasema yale yanayosemwa kila mahali. "Kama kuna mtu anamdai baba yetu, au mtu ambaye baba alikuwa akimdai, au yeyote mwenye mali ya marehemu mkononi mwake, ajitokeze sasa, au aje aione familia kabla hatujaanua matanga."

Edina alikuwa amesimama mstari wa tatu, mikono imeshika kanga kifuani. Alijiuliza kwa haki kabisa. Ninamdai? Simdai. Ananidai? Hanidai. Nina mali yake? Sina, nina mali yangu. Akanyamaza tena. Alinyamaza kwa roho safi, na ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu. Angekuwa mwizi angesema neno.

Miezi mitatu baadaye Octavian alikuja Majengo. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemteua kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yake, naye alikuwa anakusanya mali zote aziorodheshe. Alimkuta Edina anafunga turubai.

"Shikamoo, dada Edina."

"Marahaba, kaka. Mama hajambo?"

"Hajambo, ametulia. Dada, nimekuja kwa ajili ya gari. Nashukuru umelitunza. Sasa tunaligawa au tunaliuza, kwa hiyo naomba funguo na kadi."

Edina aliiacha kamba ya turubai. "Kaka, gari hili baba aliniuzia. Mwaka wa sita huu."

Octavian akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kupokea funguo. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Mtu mbaya angeshapiga kelele. "Baba akuuzie gari nililomnunulia mimi, asiniambie? Miaka sita? Nimekuja Krismasi ngapi?"

Edina alitaka kusema, mama yako anajua. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni. Lakini aliona yatakavyokwenda: huyu atatoka hapa moja kwa moja hadi Miyuji, atamsimamia mjane ambaye hata nywele za msiba hazijaota vizuri, na kumuuliza kwa nini alimficha mwanawe miaka sita kwamba zawadi yake iliuzwa. Na mzee, ambaye aliona haya akiwa hai, aaibike kaburini.

"Nina karatasi," akasema tu.

"Na pale makaburini nilipouliza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Basi, dada," akasema Octavian, na sauti yake ikawa ya mtu aliyedanganywa, "tutakutana mbele."

Siku mbili baadaye askari wa usalama barabarani alimsimamisha Edina akiwa na kreti arobaini. Msimamizi wa mirathi alikuwa ametoa taarifa, kadi inasomeka jina la marehemu, gari lizuiliwe mpaka mahakama iamue. Zabibu zilishushwa kando ya uzio wa kituo. Wakulima wa Mpunguzi waliokuwa wakimsubiri wakatafuta gari jingine, na huwezi kuwalaumu, zabibu haisubiri kesi ya mtu. Edina alirudi Ipagala, alikopanga chumba, kwa miguu. Njiani alipita kwenye kile kiwanja chake cha zamani. Kina nyumba sasa, ina geti jekundu. Alisimama nje ya geti akalia, waziwazi, mwanamke mzima na kilemba chake mkononi.

Hakimu alikuwa mama mmoja mpole wa sauti lakini mkali wa macho. Aliishika ile karatasi ya daftari kwa ncha za vidole kwa sababu mikunjo yake ilikuwa imeanza kukatika.

"Haina muhuri wa serikali ya mtaa," akasema. "Haina wakili. Haina picha. Sisemi ni ya uongo, bibi Edina. Ninauliza, mashahidi wako wako wapi? Huyu Sila?"

"Alikwenda Geita kwenye dhahabu, mheshimiwa. Simu yake haipatikani tangu mwaka juzi."

"Na huyu wa pili? Hapa naona dole, jina sioni. Hili dole ni la nani?"

Edina alisimama kizimbani, akalitazama lile doa la bluu na kovu lake katikati. Upande wa pili Octavian alikuwa amekaa na koti la baba yake.

"Ni la mtu mzima ninayemheshimu, mheshimiwa. Siwezi kumleta hapa."

Watu wakaguna. Octavian akasimama bila kuruhusiwa. "Hilo ni dole la mzimu, mheshimiwa! Aliyeliweka ni yeye mwenyewe!"

"Kaa," hakimu akamwambia. Kisha akamgeukia Edina, na nasema kweli, nilimwona akimhurumia. "Mama, mahakama haiwezi kulihoji dole. Inamhoji mtu. Nakupa siku kumi na nne. Usipomleta mwenye dole, gari linaingia kwenye mirathi, na huyu bwana anaweza kwenda mbele zaidi akikuona umeghushi. Unanielewa?"

"Nimeelewa."

Kughushi! Neno hilo alitembea nalo mpaka Majengo. Na Majengo, ambako jana alikuwa mtu wa kupewa mzigo bila kuhesabiwa, leo mama mmoja wa nyanya alimpa kikapu amshikie, halafu akakitazama kikapu. Kidogo tu, kwa jicho la pembeni. Edina aliliona lile jicho. Kuanzia hapo halikuwa tena suala la gari peke yake.

Siku ya tisa alikwenda Miyuji. Alijiambia leo nasema, liwalo na liwe. Alimkuta mama Debora ukumbini anapepeta karanga, na kitambaa cheusi kichwani. Tangu mazishi alikuwa hajavuka geti isipokuwa kwenda kanisani.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, mwanangu. Kaa. Mbona sikusikia gari?"

Ndiyo hivyo, mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeingia tu. Edina alimtazama, akaona jinsi mabega yalivyoshuka, jinsi anavyozungumza huku anatazama kiti kitupu cha mzee.

"Liko gereji, mama," akasema. "Klachi."

Walipepeta karanga pamoja mpaka jioni, na Edina akaondoka bila kusema. Mimi ningekuwepo ningempiga kibao.

Lakini Octavian naye alikuwa na stahi yake, maana tumelelewa hivyo. Tangu aanze kukusanya mali hakumuuliza mama yake hata neno moja. Mama asisumbuliwe na karatasi, alisema, mama aomboleze kwa amani. Siku ya kumi na mbili ndipo, akiwa anakula, ulimi ukamponyoka.

"Mama, wiki hii jambo la gari la baba linaisha. Yule dereva alitaka kutudhulumu. Katuletea karatasi ina dole la mtu asiyejulikana."

Mama Debora aliweka tonge chini. Alikwenda kunawa, akaingia chumbani, akafunga mlango. Octavian akadhani ni msiba umempanda tena.

Asubuhi yake, mwanawe akiwa amekwenda kwa watu wa vipimo vya ardhi kwa mambo ya mirathi, bajaji ilisimama nje ya chumba cha Edina. Akashuka mama Debora, na kitambaa chake cheusi, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Edina alitoka na povu la nguo mikononi, akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Kulikoni—"

"Gari liko wapi?"

Edina akainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe. Gari liko wapi?"

"Polisi, mama."

"Na mimi ulikuja kunipepetea karanga? Ukaniambia klachi?"

"Nilikustahi, mama. Nilimstahi baba. Alisema Octavian asijue. Na wewe uko kwenye msiba, sikutaka kuingia kati yako na mwanao."

Mama Debora akalinyoosha dole gumba lake, akalisogeza usoni kwa Edina, karibu kabisa, na lile kovu.

"Ulidhani niliweka dole langu pale la nini?" akasema. "Pambo? Nilisimama uani kwangu nikaona fedha inahesabiwa, nikaona mume wangu anatia sahihi, nikaweka dole ili siku kama hii uniite. Na wewe huniiti. Unaacha uitwe mwizi, na mimi unanifanya mtu aliyeona akanyamaza. Hiyo ni stahi gani, Edina?"

Edina alilia tu, na yule mama, bado amekasirika, akamfuta povu mikononi kwa kanga yake mwenyewe.

Siku ya kumi na nne mama Debora alipanda kizimbani kwa kushikwa mkono. Octavian alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakimu akaagiza kidau cha wino. Mama akabonyeza dole lake kwenye karatasi nyeupe, na hakimu akaiweka kando ya ile ya daftari. Huhitaji usomi kuona. Mstari wa kovu ulikata pale pale.

"Sogea utazame," hakimu akamwambia Octavian.

Alisogea. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lile kovu alilijua, jamani, angekosaje kulijua? Alikuwa na miaka sita, alikuwa anaumwa, hakuna kuni, mama yake akapasua gogo usiku ili ampikie uji, shoka likateleza. Dole aliloliita la mzimu mbele za watu ndilo lililomlisha uji.

"Baba yako macho yaliisha," mama alimwambia kutoka kizimbani, bila kungoja kuulizwa. "Aliona haya kukuambia ameuza zawadi yako. Alitaka kukuambia kila Krismasi. Kila Krismasi akashindwa."

Octavian aliweka paji la uso kwenye ukingo wa meza ya hakimu na mabega yakaanza kutikisika, na hakuna aliyemwambia akae.

Gari lilitoka kituoni Alhamisi. Jumatatu Octavian, kama msimamizi wa mirathi, alikwenda na Edina ofisi ya mapato akasaini pale ambapo baba yake angesaini. Hawakuzungumza sana. Walipotoka alimpa ufunguo kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, dada," akasema. Edina akamwambia ameshasamehe, na alikuwa anasema kweli, ingawa yule mama wa nyanya mpaka leo hajampa tena kikapu amshikie.

Kadi mpya ilipotoka, Edina hakuipeleka nyumbani. Aliendesha hadi Miyuji. Mama Debora alitoka getini aliposikia mlio wa gari, akaipokea kadi, akaigeuza huku na huku kwa vile hajui kusoma.

"Nisomee."

Edina akamsomea. Aina ya gari, rangi, chesisi, mmiliki Edina Yohana Ndahani.

"Na jina la mzee liko wapi?"

"Halipo tena, mama. Ile ya zamani wameichukua."

Mama Debora alipitisha dole lake juu ya kadi polepole, kama mtu anayetafuta kitu kwa kupapasa. Alikuwa hajalia hadharani tangu siku ya mazishi, wanawake wa mtaa walikuwa wameshaanza kulisema hilo. Sasa alilia, pale getini, ameegemea mlango wa kirikuu, na Edina alimshika na kulia naye, maana kulifuta jina lile ndicho alichokuwa akikiogopa miaka yote ile ya kusema zabibu zikiisha.

Baadaye mama alijifuta, akamrudishia kadi yake. Akageuka akaitazama nyumba, bati lake, ukumbi wake, kile kiti.

"Hati ya nyumba hii nayo ina jina lake," akasema. "Jumatano uje na gari unipeleke tukalibadilishe, kabla na mimi sijaanza kuona aibu."